Muhogo wa Siku Mbili

Katika kurasa hizi walimu wenzetu huandika mara kwa mara juu ya hesabu, juu ya bustani za shule, na juu ya kuwalea watoto katika adabu njema. Sisi leo twaomba ruhusa kuandika habari za jikoni. Huenda wengine watacheka, wakisema kwamba mwanamume, tena mwalimu, hana haja ya kuchungulia chungu. Hatuwalaumu, nasi tulikuwa na mawazo hayo hayo, na mawazo hayo yalikaribia kututia msibani.

Asili yetu ni Tarime, nasi twafundisha katika wilaya ya Serengeti, safari ya saa chache kutoka Mugumu kwa miguu. Watu wa nchi hizi mbili, yaani Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na wengineo, pamoja na Wajaluo wa upande wa ziwa, hutofautiana kwa lugha na kwa desturi, lakini jioni ikifika wote huketi mbele ya ugali. Juu katika milima ya Tarime mna ndizi na mahindi ya kutosha; chini kwenye joto, ambako mvua ni za kubahatisha, watu hutegemea mtama, ulezi na muhogo. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, mweusi kidogo, mlaini, wenye kushika tumbo mpaka asubuhi, ndio chakula ambacho mtu wa kwetu aliye mbali hukikumbuka kwanza. Tunawajua wenzetu waliopata kazi Mwanza na Dar es Salaam, ambao hula wali na nyama wapendavyo, lakini wakija nyumbani likizo, hata kabla ya kutua mzigo, humwuliza mama kama udaga upo.

Kwa wasomaji wasio wa kwetu, hapana budi tueleze udaga ni nini. Muhogo humenywa, ukalundikwa mahali pa kivuli, ukafunikwa kwa majani au magunia, ukaachwa siku tatu au nne hata uote ukungu na kulainika. Kisha ukungu hukwanguliwa kwa kisu, muhogo ukavunjwa vipande vidogo na kuanikwa juani, kwenye mwamba au turubai, mpaka ukauke kabisa. Huo ndio udaga. Rangi yake si ya kupendeza, na harufu yake ni kali kwa mtu asiyeizoea. Ipo njia nyingine fupi: kumenya, kupasua na kuanika moja kwa moja bila kulundika. Muhogo wa namna hiyo huitwa makopa, nao huwa mweupe wala haunuki. Tafadhali yashikeni majina haya mawili, maana habari yetu yote imo ndani yake.

Mwaka 2022 bei ya unga wa mahindi ilipanda sana. Kila aliyekuwa na watoto anakumbuka. Miezi ile mama watoto alikuwa amekwenda kwao kumwuguza mama yake mzazi, na kazi ya jikoni ikawaangukia binti yetu mkubwa, aliyekuwa na miaka 12, na sisi wenyewe. Jirani mmoja alituuzia muhogo shambani kwake kwa bei nafuu. Ulikuwa ule muhogo mchungu, ambao watu wa vijiji vilivyo karibu na mbuga huupenda kwa sababu nyani na nguruwe mwitu hawaufurahii. Mkulima hulala usingizi. Binti yetu akauliza, "Baba, tuulundike?" Tukamwambia hapana haja. Mitihani ilikuwa imekaribia, unga ulikuwa umekwisha, na zaidi ya hayo, twakiri, tulikuwa na majivuno ya kusoma. Tuliuona ukungu kuwa uchafu. Je, hatukuwa tukiwafundisha watoto darasani kwamba chakula chenye ukungu kitupwe? Tukaamuru muhogo uanikwe siku mbili, ukapelekwa mashineni ungali na unyevu kidogo katikati. Unga ulikuwa mweupe mno. Tuliutia mkono ndani, tukawaonyesha watoto, tukasema, "Tazameni, huu ndio unga safi."

Tulikula unga ule karibu juma zima. Mboga ilikuwa majani ya kunde yaliyochemshwa kwa maji na chumvi, basi. Mshahara ulikuwa umekwisha, na ng'ombe wetu mmoja alikuwa ameacha kutoa maziwa. Usiku wa nne mtoto wetu mdogo akalalamika kichwa na kizunguzungu, akatapika. Tulimpeleka zahanati asubuhi, akapimwa malaria, haikuonekana. Tukasema ni jua la mchana. Kesho yake tena akatapika baada ya kula, na binti yetu mkubwa naye akasema kichwa kinamgonga. Hata hapo hatukufikiri neno.

Jioni ya siku hiyo akafika shangazi yetu kutoka Tarime. Shangazi huyu hutembea kwa fimbo. Miguu yake ni migumu, hukwaruza chini kwa vidole na magoti hukaribiana, na tangu utoto wetu tulimjua hivyo, tukadhani alizaliwa hivyo. Hutuita "baba," kwa kuwa tulipewa jina la babu, aliyekuwa baba yake. Tulimkaribisha, akapewa maji ya kunawa, ugali ukaletwa, tukasali. Akamega tonge, akalinusa, akalirudisha. Akaomba aletewe unga mkavu. Akatia kidogo ulimini, akatema.

"Baba, muhogo huu ulilala siku ngapi?"

Tukasema nne. Ilikuwa uongo, tena mbele ya watoto. Binti yetu akainamisha macho. Shangazi akamtazama yeye, hakututazama sisi, akauliza tena kwa upole, "Mama, ulilala siku ngapi?" Mtoto akanong'ona kwamba haukulala kabisa, ulianikwa siku mbili. Ndipo shangazi alipoinuka kwa fimbo yake, akaziondoa sahani za watoto mmoja mmoja, akazirundika mlangoni. Hakugombeza. Alisema tu, "Hii ndiyo niliyokula mimi."

Usiku ule watoto walishiba ndizi mbivu alizokuja nazo, na shangazi akatusimulia jambo ambalo hatukuwahi kuambiwa miaka yote. Mwaka 1985 yeye alikuwa msichana wa miaka 14. Ukame ulikuwa mkali na wa muda mrefu. Mtama ulikauka, ukabaki muhogo mchungu peke yake. Watu walikuwa na njaa hata hawakuweza kungoja. Muhogo uliochimbwa jana uliliwa kesho. Maziwa hayakuwapo, maharage hayakuwapo, samaki alikuwa wa wenye fedha. Asubuhi moja alikwenda kuteka maji pamoja na wenziwe. Alipojitwisha mtungi na kugeuka, miguu ikatetemeka ikakataa, akaanguka, mtungi ukavunjika. Alibebwa nyumbani. Hakuwa na homa wala maumivu makubwa, na akili yake ilikuwa timamu, lakini miguu haikurudi kuwa kama zamani. Wengine kijijini waliangukiwa na mambo hayo hayo ndani ya miezi michache, na maneno ya uchawi yakaanza, wajane wawili wakanyoshewa vidole. "Tulichukiana bure," alisema shangazi, "na aliyetuloga alikuwa chunguni."

Tulipolala tulimfikiria Elisha kule Gilgali, wakati wa njaa, na mtu mmoja aliyechuma matango mwitu wasiyoyajua, akayakatia chunguni, na watu walipoonja wakatambua kwamba mlo umegeuka kuwa mauti. Tumekisoma kisa kile mara nyingi katika sala za asubuhi, lakini hatukudhani kinatuhusu.

Baadaye tulitafuta kujua, tukakuta kwamba yaliyompata shangazi yamekwisha andikwa na waganga. Ugonjwa huo huitwa konzo. Ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na daktari Mwitaliano, Trolli, aliyekusanya habari zake kutoka nchi ya Kwango huko Kongo, na jina lenyewe ni la lugha ya Wayaka wa pande hizo. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Na mlipuko wa mwaka 1985 katika wilaya ya Tarime, ambayo wakati ule ilikuwa ingali pamoja na Rorya ya leo, ulichunguzwa na wataalamu na habari zake zikasomwa ulimwenguni. Hushika zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Huja kwa ghafula, wala hauzidi kila mwaka, lakini hauponi. Kwa hiyo shangazi, aliyedhaniwa kulogwa, kumbe ni mmoja wa watu ambao kwa ajili yao elimu fulani imepatikana. Tulipomwambia hivyo alicheka, akasema elimu ingalimpa walau punda wa kubebea maji.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya muhogo, hasa ule mchungu, mna kitu kiitwacho linamarini. Muhogo ukipondwa au ukilainika kwa kuvunda, kitu hicho huvunjika, ikatoka sumu ya sianidi, ambayo huruka hewani na kupotea. Lundo la bibi zetu, pamoja na ukungu wake tulioudharau, ndilo linaloifanya kazi hiyo: muhogo hulainika mpaka ndani, na sumu hutoka kabla haujafika tumboni. Lakini muhogo mchungu uliopasuliwa vipande vinene na kuanikwa tu hukauka ungali umeshika sehemu kubwa ya sumu yake. Unga wetu mweupe ulikuwa namna hiyo. Weupe ule, tuliowaonyesha watoto kwa fahari, haukuwa dalili ya usafi hata kidogo.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye mboga, ambayo ndiyo hasa iliyotufanya tushike kalamu. Mwili wa mwanadamu, kwa rehema ya Muumba, una njia ya kuigeuza sumu kidogo iingiayo na kuitoa kwa mkojo. Lakini kwa kazi hiyo mwili hutaka salfa, na salfa hiyo huipata katika vyakula vya protini: maziwa, samaki, nyama, mayai, maharage, karanga. Mtu alaye muhogo usiotengenezwa vizuri na mboga ya maji na chumvi amenyang'anywa ngao zote mbili kwa mara moja. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1985, na ndivyo tulivyowafanyia watoto wetu mwaka 2022, si kwa njaa ya namna ile, bali kwa haraka. Sisi tulidhani siku zote kwamba mboga ni kitu cha kutelezesha tonge, na kwamba mwanamke akaaye saa mbili juu ya mchuzi wa karanga anapoteza wakati.

Shangazi alikaa kwetu majuma matatu. Kesho yake asubuhi unga wote ulimwagwa shimoni, nasi tulikopa fedha kwa mwalimu mwenzetu. Kwanza akamshughulikia mtoto mdogo, aliyekuwa amekichukia chakula. Alimpikia uji wa ulezi. Unga wa ulezi aliukoroga kwanza kwa maji baridi usifanye madonge, akaumimina katika maji yanayochemka huku akikoroga kwa mwiko, akauacha uchemke polepole mpaka ukawa na rangi ya udongo wa kichuguu. Ulipopoa hata ukawa vuguvugu, akautilia maziwa ya mgando kutoka kwa jirani, na asali kidogo. Asali ya Serengeti ni nyeusi, ina harufu ya moshi na ya maua ya mgunga. Mtu aliyeizoea haoni raha kwa sukari ya dukani. Mtoto alikunywa kikombe kimoja, akaomba cha pili. Sisi tulikuwa mlangoni tukitazama, wala hatukuweza kusema.

Kisha ikaja zamu ya mchuzi wa karanga, nao tutaueleza kwa urefu, maana tumeujifunza kwa kuunguza sufuria mara mbili. Karanga huchaguliwa moja moja katika ungo. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotoboka au yenye ukungu hutupwa, wala haipewi kuku. Wanafunzi wetu waliposikia habari hii waliuliza swali jema: mbona ukungu wa muhogo unaalikwa na ukungu wa karanga unafukuzwa? Tukawajibu kwamba ule wa lundo hukwanguliwa na muhogo ukakaushwa upesi, lakini karanga na mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu nyingine, sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haitoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 sumukuvu ya mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Tena hata udaga ukichelewa kukauka, ukalala na unyevu siku nyingi, nao si wa kuaminiwa. Basi kuchagua karanga si kazi ya kuwapa watoto wanaosinzia. Shangazi huifanya mchana, nje, penye mwanga.

Karanga zilizochaguliwa hukaangwa kwa moto mdogo bila mafuta mpaka ngozi ianze kupasuka, zikapepetwa ngozi zikatoka. Kisha hutwangwa. Shangazi hutwanga akiwa ameketi, kwa kinu kifupi, kwa sababu ya miguu yake, na hatujaona mtu atwangaye laini kuliko yeye. Zikianza kutoa mafuta na kushikamana na mchi, zimekuwa tayari. Sasa makosa mengi hufanywa hapa: mtu hutia karanga zile katika mchuzi unaochemka, zikafanya madonge. Zivurugwe kwanza kwa maji baridi katika bakuli mpaka ziwe kama maziwa mazito. Kitunguu na nyanya vichemshwe mpaka vipondeke, ndipo maziwa yale ya karanga yamiminwe, na tangu hapo mwiko usiache kwenda. Mchuzi huu huumuka ghafula kama maziwa ukafurika, na huungua chini kwa dakika moja ya mazungumzo. Moto uwe mdogo. Hupikwa mpaka mafuta yaelee juu kwa madoa ya rangi ya dhahabu. Chumvi hutiwa mwisho. Tulimwuliza shangazi sababu ya kutia chumvi mwisho. Akasema ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Sababu ya kisayansi hatukuipata, lakini twatii.

Mchuzi huo waweza kuliwa wenyewe, au ukachanganywa na majani ya kunde yaliyochemshwa, au dagaa. Dagaa wa Ziwa Viktoria hufika kwetu wakiwa wamekaushwa, na mara nyingi wana mchanga. Huondolewa vichwa, huoshwa kwa maji ya moto mara mbili, wakakaangwa kidogo hata watoe mlio wa majani makavu, ndipo hutiwa katika karanga. Wako wenzetu waonao dagaa kuwa chakula cha unyonge. Nasi tulikuwa hivyo. Siku za mshahara tulinunua nyama kilo mbili tukazila kwa siku mbili, halafu tukashindia majani hadi mwisho wa mwezi. Shangazi alituhesabia kwamba kwa fedha za kilo moja ya nyama tungenunua dagaa wa kutia kiasi katika mboga ya kila siku kwa majuma mawili. Sisi ndio tufundishao hesabu.

Kuna mgagani pia. Majani yake ni machungu, na watoto huyakimbia yakipikwa kwa pupa. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, kisha yakatiwa maziwa na kuwekwa juu ya makaa, si juu ya moto. Kesho yake huongezwa maziwa kidogo yakapashwa tena. Jirani zetu Wajaluo na Wakisii hufanya hivyo hivyo, na wote husema kwamba mgagani wa siku ya pili ndio mgagani. Uchungu huisha, ukabaki ule ladha wa mbali ambao hauna jina. Wajaluo pia hutupa nyoyo, yaani mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, ambayo wengine huita kande. Hiyo haina maarifa mengi: loweka usiku, chemsha asubuhi, usikoroge ovyo. Tunaitaja tu kwa sababu ndiyo iliyotuokoa siku ambazo udaga ulikuwa ungali katika lundo.

Maana lundo lilifanywa. Binti yetu ndiye aliyelifanya, shangazi akiwa ameketi kando kwenye kigoda akielekeza kwa ncha ya fimbo: hapa penye kivuli, funika vizuri, usifunuefunue. Siku ya tatu harufu ilianza. Siku ya nne muhogo ulikuwa umevaa manyoya ya kijivu na meusi, na ukibonyezwa unabonyea. Watoto walikwangua, wakavunjavunja, wakaanika juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba. Unga wake, ulipochanganywa na mtama, ulikuwa na rangi ya vumbi la barabarani. Tulikula ugali ule kwa mchuzi wa karanga na dagaa, na tangu usiku huo hakuna mtoto aliyetapika.

Jambo moja nasi tulimfundisha shangazi, tukajirudishia heshima kidogo. Mtaalamu mmoja wa Australia aitwaye Bradbury pamoja na wenziwe walivumbua njia rahisi kwa unga wa muhogo uliokwisha sagwa. Unga hutiwa maji hata ulowane, ukatandazwa juu ya mkeka au turubai, unene usizidi sentimita moja, ukaachwa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sumu iliyobaki huvunjika ikaruka. Kisha unga hupikwa ugali siku hiyo hiyo. Kuanzia mwaka 2010 akina mama wa vijiji vya Popokabaka huko Kongo walifundishwa njia hii ili kuzuia konzo. Tulimsomea shangazi habari hiyo, tukanunua unga sokoni, tukaufanyia hivyo mbele yake. Akaonja kabla, akaonja baada. Akanyamaza, akaonja tena. Akasema, "Uchungu umepungua kweli. Mwaka ule tungalijua!" Halafu akaongeza kwamba njia hiyo ni nzuri kwa unga wa kununua ambao hujui ulilala wapi, lakini muhogo wako mwenyewe ulundike, usifanye uvivu. Twadhani hukumu yake ni ya haki.

Kabla ya kuondoka aliwafanyia watoto kashata. Alitia sukari sufuriani bila maji, akaiacha iyeyuke mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi, akamwaga karanga zilizokaangwa na kupasuliwa, akakoroga upesi, akaimwaga juu ya ubao uliopakwa samli. Akaisawazisha kwa chupa na kuikata ingali moto, maana ikipoa haikatiki ila kwa nyundo. Mdogo wetu hakungoja, akaunguza kidole. Alilia, akakilamba, akaacha kulia.

Mama watoto aliporudi tulimweleza yote, pamoja na ule uongo wa siku nne. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatuuliza kwa nini kila alipotuomba fedha za karanga tulimwambia ni anasa. Hatukuwa na jibu, wala hatulo hata leo. Tangu wakati huo fedha za karanga na dagaa hutengwa kwanza, kabla ya gazeti na kabla ya vocha ya simu, na nusu ekari iliyokuwa ya majani nyuma ya nyumba imekuwa shamba la karanga na kunde. Kila mwaka, tufikapo somo la vyakula katika darasa la tano, twaleta darasani kipande cha makopa na kipande cha udaga, tukawapa watoto wavishike na kuvinusa. Wengi huchagua makopa kwa weupe wake. Tunawaacha wachague, ndipo tunapowaeleza, na twawaeleza pia ni nani katika nyumba yetu aliyewahi kukosea vivyo hivyo akiwa na cheti cha ualimu ukutani.

Juzi mtu aliyetoka Tarime alituletea salamu za shangazi. Anauliza kama karanga za mwaka huu zimekauka vizuri au tumezitia ghalani mbichi kwa haraka zetu. Tumemjibu kwamba zimekauka, binti yetu amezichagua mwenyewe, na debe moja ni lake. Tutalileta shule zikifungwa.